Mtoto kapata 1180 kwenye SAT, ni nzuri au mbaya? Tusome vizuri alama za kuingilia chuo (SAT, NECTA, TCU)

Mleta uzi (Nyegezi, Mwanza)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Hisabati kidato cha tano na sita hapa Mwanza. Kila Julai matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) yakitoka simu yangu haipumziki, wazazi wanataka wasomewe namba. Siku hizi limeongezeka jingine: vijana wa hapa mjini, na hata wa Sengerema na Ukerewe, wanafanya SAT ili waombe vyuo vya Marekani, halafu wanarudi na matokeo ambayo nyumbani hakuna anayejua aanzie wapi kuyasoma. Juzi mzazi mmoja kaniletea ya mwanawe: 1180. Akatoa simu, akagawanya kwa 1600, akapata karibu 74. "Kwa hiyo ni B," akasema, maana NECTA kidato cha sita B inaanzia 70.

Kugawanya kwake kulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba alama ya SAT haigawanywi hivyo, na nimeona watoto wanavunjwa moyo au wanapewa matumaini hewa kwa sababu ya hesabu hii. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

SAT ina sehemu mbili: kusoma na kuandika, kisha Hisabati. Kila sehemu inaanzia 200 na kuishia 800. Maana yake mtu aliyekosa kila swali bado anatoka na 400. Sifuri haipo. Ukigawanya kwa 1600 umeshamzawadia kila mtu 400 za bure, halafu unaziita ufaulu. Ni sawa na kulinganisha sangara aliyepimwa kwa kilo na dagaa waliopimwa kwa debe: namba zote ni za kweli, lakini haziongei lugha moja.

NECTA wanauliza umepata ngapi kwenye mia. Kidato cha sita 80 ni A, 70 ni B, 60 ni C, 50 ni D, 40 ni E, 35 ni S, chini ya hapo ni F. Mipaka imewekwa, na jirani yako akifaulu sana A yako haipungui. SAT idadi ya maswali uliyopata inageuzwa kuwa alama ya kipimo, ili aliyefanya mtihani wa Oktoba alinganishwe kwa haki na aliyefanya wa Machi hata kama karatasi moja ilikuwa ngumu kidogo. Halafu pembeni ya alama wanakupa pasentaili, na hiyo ndiyo namba ya kuangalia kwanza. Pasentaili ya 75 maana yake umewafikia au kuwapita watu 75 katika kila 100.

Sasa ile 1180. Waliomaliza sekondari Marekani mwaka 2024 walipata wastani wa 1024. Kijana wetu yuko juu ya wastani huo kwa zaidi ya pointi 150, na yuko karibu na robo ya juu ya watahiniwa. 1200 ni kama pasentaili ya 75, 1400 inapita 90, na 1500 iko kwenye 98 hivi. Kwa hiyo si "B" na si "74". Ni mtoto aliyewapita wengi, kwa mtihani wa Kiingereza, akiwa amekulia kwenye Kisukuma na Kiswahili. Nilimwambia mzazi hivyo hivyo na ninaamini hivyo.

Je, inatosha? Hapo lazima uulize: inatosha wapi? Vyuo vingi vya Marekani vinatangaza alama za nusu ya katikati ya wanafunzi waliowapokea, yaani ukiondoa robo ya chini na robo ya juu. Kwa MIT, Hisabati peke yake nusu hiyo inacheza kati ya 780 na 800. Hapo 1180 haina nafasi ya kweli, tusidanganyane. Lakini Marekani ina maelfu ya vyuo, na viko vingi ambavyo 1180 iko katikati kabisa ya wanaopokelewa. Kazi ya mzazi ni kufungua tovuti ya chuo husika na kutafuta namba hizo mbili, ya chini na ya juu, kabla ya kulipa ada ya maombi.

Jambo moja zaidi kabla sijaachia uwanja. Alama ina mtetemo. Mtoto yule yule akirudia mtihani wiki ijayo bila kusoma chochote, anaweza kupanda au kushuka kama pointi 40, na wenye mtihani wenyewe wanaandika hilo kwenye ripoti. Kwa hiyo mwenye 1180 na mwenye 1200 msiwapambanishe mezani wakati wa chakula. Kwa kipimo hiki hao ni sawa.

Karibuni kwa maswali.

Mama wa Buhongwa

Ahsante mwalimu kwa somo. Binti yangu kapata Hisabati 640, kusoma na kuandika 520. Baba yake anasema hiyo 520 imeharibu kila kitu. Nimpe moyo au nimwambie ukweli?

Mleta uzi

Dada, hapa ukweli ndio unaompa moyo. Jumla yake ni 1160. Hiyo 520 ya Kiingereza iko pale pale kwenye wastani wa waliomaliza sekondari kule kule Marekani. Haijaharibu chochote. Na 640 ya Hisabati ni nzuri, akiomba uhandisi au takwimu wataiangalia kwanza.

Hata hivyo 520 ndiyo yenye nafasi kubwa ya kupanda. SAT ya sasa haina tena zile habari ndefu za kurasa nzima. Kila swali lina kifungu chake kifupi, maneno 25 mpaka 150, na swali moja tu. Maswali mengi ni ya alama za uandishi, viunganishi na maana ya neno ndani ya sentensi. Haya yanafundishika. Khan Academy wana mazoezi ya bure kabisa, na programu ya Bluebook, ile ile ya kufanyia mtihani, ina mitihani kamili ya mazoezi bila malipo. Mwambie asifanye mazoezi ya Hisabati kwa sababu tu anaipenda. Vijana wetu wengi wanakimbilia kule wanakojua.

Na usijali kuhusu kurudia. Vyuo vingi vinachukua sehemu bora ya kila mtihani na kuziunganisha. Akirudia Oktoba akapata 590 ya Kiingereza na Hisabati ikashuka 620, chuo cha namna hiyo kitahesabu 640 na 590, yaani 1230. Si vyote vinavyofanya hivyo, viko vinavyotaka matokeo yote, kwa hiyo asome masharti ya kila chuo.

Kijana wa PCM

Shikamoo mwalimu. Kaka yangu alifanya zamani akaniambia kama hujui jibu acha wazi, ukibahatisha wanakukata. Ni kweli?

Mleta uzi

Marahaba. Ilikuwa kweli kwa wakati wake. Mpaka mwanzoni mwa 2016 jibu baya la kuchagua lilikata robo pointi. Iliondolewa mwaka huo huo mtihani uliporudi kwenye 1600, maana toka 2005 ulikuwa wa 2400. Ukikutana na mtu mwenye 1700, alifanya kati ya miaka hiyo, usimshangae.

Leo hakuna kukatwa. Usiache swali hata moja wazi. Dakika ya mwisho ikifika na una maswali manne hujayagusa, chagua herufi upite. Kwenye Hisabati kama robo ya maswali unaandika jibu mwenyewe bila kuchaguliwa, na hata hapo andika kitu.

Kijana wa PCM

Nyingine mwalimu. Nilifanya Machi. Kipande cha pili cha Hisabati kilikuwa chepesi mpaka nikashtuka. Rafiki yangu anasema ukipewa chepesi umeshafeli.

Mleta uzi

Rafiki yako kashika mkia wa jambo, kichwa hajakiona.

Toka Machi 2023 kwa sisi tulio nje ya Marekani, na Machi 2024 kwa wao, SAT inafanyika kwenye kompyuta. Kila sehemu ina moduli mbili. Ya kwanza inachanganya rahisi, wastani na ngumu. Kompyuta inaangalia ulivyofanya, kisha inakupeleka moduli ya pili yenye maswali magumu zaidi au mepesi zaidi. Aliyepelekwa kwenye nyepesi dari lake liko chini, hata akipata yote hawezi kugusa 800. Hapo rafiki yako yuko sahihi. Lakini kufeli hakupo, na nyepesi ukiifanya vizuri bado unatoka na alama ya heshima.

Tena wewe mwenyewe huwezi kujua kwa hakika ulipelekwa wapi. Mtu aliyeiva kwenye logariti na jiometri ya kuratibu, moduli ngumu anaiona nyepesi. Wewe ni PCM, unasoma Fizikia, Kemia na Hisabati. Na kila moduli ina maswali mawili ya majaribio yasiyohesabiwa kabisa, wanayapima kwa mitihani ijayo, na hayana alama ya kuyatambulisha. Swali la ajabu lililokukosesha usingizi huenda ni mojawapo.

Hii ndiyo sababu wawili wanaweza kupata idadi sawa ya maswali wakatoka na alama tofauti. Kipimo kinaangalia pia ni maswali gani uliyopata. Ujumbe wa vitendo: moduli ya kwanza usiikimbie. Hisabati una dakika 35 kwa maswali 22 kila moduli, Kiingereza dakika 32 kwa maswali 27. Tumia muda wako wote pale mwanzoni.

Na chaji. Laptopu iende imejaa, msiende mmetegemea soketi ya ukumbini. Intaneti ikikatika katikati Bluebook inaendelea kuhifadhi majibu na utayatuma ikirudi, lakini betri ikizima ni habari nyingine.

Mzee wa Igoma

Mwalimu nakusoma kwa heshima. Ila mimi swali langu ni la msingi. Mtihani huu umetungwa na Wamarekani kwa ajili ya watoto wao. Wa matajiri wanalipiwa walimu wa pembeni, wanarudia mara tatu. Mtoto wa mvuvi wa Nansio anakwenda kupimwa kwa rula ya mwingine. Kwa nini tuupe heshima yote hii?

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Swali hili wamejiuliza hata wao na hawajakubaliana.

Mtihani ulianza 1926, ukisimamiwa na Carl Brigham wa Princeton, mtu aliyekuwa ameandika mambo mabaya kuhusu akili za watu wa asili mbalimbali na mwaka 1930 akayakana hadharani. Mwanzo wake haukuwa safi. Na ni kweli kabisa kwamba kule kwao familia zenye kipato kikubwa watoto wao wanapata alama za juu. Chuo Kikuu cha California, chenye matawi makubwa kama Berkeley na Los Angeles, kimeacha kabisa kuangalia SAT, hata ukiituma hawaisomi. Wakati wa korona vyuo vingi vilifanya iwe hiari.

Lakini MIT waliirudisha 2022, na 2024 wakafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech. Hoja ya MIT na Dartmouth ndiyo iliyonigusa mimi: kwamba bila alama hizi walikuwa wanashindwa kuwaona watoto wenye uwezo waliotoka shule zisizojulikana. Na chuo makini hakisomi alama peke yake, kinaangalia mtoto kaipata akiwa wapi. 1350 ya shule ya kitajiri yenye kozi za maandalizi, na 1350 ya mtoto aliyekuwa anavuka na kivuko cha Ukerewe kuja kutafuta kompyuta mjini, hazisomwi sawa.

Fikiria ofisa wa udahili aliyeko Massachusetts. Faili la mtoto wetu linafika. Jina la shule hajawahi kulisikia, barua ya mwalimu mkuu inasema "kijana ana bidii" kama barua zote duniani, na Divisheni I ya pointi 7 hajui aifurahie au aihurumie. Kisha anaona Hisabati 730. Hiyo anaijua. Kwa mtoto wa kule kwao SAT ni karatasi moja kati ya nyingi, kwa mtoto wa Nansio inaweza kuwa ndiyo karatasi pekee inayosomeka. Rula ni ya mwingine, nakubali mzee. Ninachopigania ni mtoto wetu ajue kuisoma kabla hajapimwa nayo.

Kinachoniuma mimi ni gharama. Ukijumlisha ada ya mtihani na nyongeza ya nchi za nje unapita dola 100, bado nauli na malazi kama kituo kilichopatikana kiko mbali. Hapo ndipo mtoto wa mvuvi anapoachwa, kabla hata ya swali la kwanza. Wanaoweza kuchangia, shule zetu za Kanda ya Ziwa zina watoto wa kuchangiwa.

Dada wa Pasiansi

Mwalimu umegusia Div I ya pointi 7. Mimi mdogo wangu ana Div III ya pointi 14, rafiki yake ana Div III ya 15. Wa 15 kapata chuo hapa hapa Tanzania, mdogo wangu mfumo umemkataa. Nimeambiwa ni uonevu. Naomba ufafanuzi.

Mleta uzi

Dada, naomba nibashiri: mdogo wako ana D, E, E. Na rafiki yake ana D, D, F.

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu tuna mizani mbili zinazokwenda pande tofauti. NECTA A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Ndogo ndiyo nzuri, unajumlisha masomo matatu ya tahasusi: 3 mpaka 9 ni Divisheni I, 10 mpaka 12 ni II, 13 mpaka 17 ni III. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa waliomaliza kuanzia 2016, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kubwa ndiyo nzuri. Na TCU kwa sharti la chini la shahada hawaangalii divisheni. Wanaangalia masomo mawili yanayohusika na kozi, yafikishe jumla ya 4.0.

D na D ni 2 na 2, jumla 4.0, mlango umefunguka hata kama somo la tatu ni F. D na E ni 2 na 1, jumla 3.0, mlango umefungwa hata kama hana F yoyote. Mwenye 14 anaonekana bora kwenye cheti, ila mlango wa shahada unampita. Si uonevu, ni mizani nyingine. Mdogo wako aangalie stashahada. Akiimaliza kwa GPA nzuri anaingia shahada kwa njia hiyo, na walimu wangu wawili hapa shuleni wamepita humo humo.

Kumbuka pia 4.0 ni kizingiti tu. Pale Bugando kwa udaktari, au kozi yoyote inayogombaniwa, waombaji ni wengi kuliko viti na wanaanza kuchukua kutoka juu.

Dada wa Pasiansi

Umebashiri sawasawa, D ya Jiografia na E mbili. Sasa nimeelewa. Mungu akubariki.

Mdau wa Kisesa

Mimi nilimaliza sita 2015, kipindi cha GPA na zile Distinksheni na Meriti. Nataka kurudi chuo. Nahesabiwa kwa mizani ipi?

Mleta uzi

Mkuu, wa 2014 na 2015 mna mstari wenu TCU, kwa sababu madaraja yalibadilishwa na kukawa na B+. Kwenu A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Kwa hiyo C mbili za masomo ya kozi zinafikisha 4.0. Kijana wa leo mwenye D mbili na wewe mwenye C mbili mko mlango mmoja. Usikubali mtu akuhesabie kwa jedwali la sasa, utaonekana una zaidi ya ulichonacho kisha mfumo ukukatae.

Mama wa Buhongwa

Mwalimu samahani nimerudi. Binti yuko kidato cha sita sasa, mtihani wa NECTA ni Mei. Je, asubiri matokeo ya Julai ndipo aombe Marekani?

Mleta uzi

Akisubiri atakuwa amepoteza mwaka. Vyuo vingi vya kule vinafunga maombi mwanzoni mwa Januari, kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba mwaka huo huo. Matokeo ya Julai yanafika wenzake wakiwa wanafunga mabegi. Anaomba kwa matokeo ya kidato cha nne, ripoti za kidato cha tano na muhula wa kwanza wa sita, pamoja na SAT. Ya NECTA wa sita yatatumwa baadaye kuthibitisha.

Kwa hiyo SAT ya mwisho inayofaa ni ya Desemba, na mimi ningependa awe amemaliza Oktoba ili Novemba na Desemba ashughulikie insha na NECTA. Ofisi ya EducationUSA iliyo chini ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam inashauri wanafunzi bure. Aulize huko kuhusu msamaha wa ada za maombi, vyuo vingi vinao kwa anayeomba.

Kijana wa PCM

Mwalimu la mwisho kwangu. Kuna chuo kinaomba ACT, ule mtihani mwingine wa Marekani. 24 ya ACT ni sawa na ngapi SAT?

Mleta uzi

ACT inaanzia 1 mpaka 36 na wastani wa waliomaliza 2024 ulikuwa 19.4. Jedwali la ulinganifu walilotoa wenye mitihani yote miwili mwaka 2018 linaweka 24 ya ACT kati ya 1160 na 1190. Yaani kwenye kundi moja na yule wa 1180 niliyeanza naye. Chuo kinachopokea SAT kwa kawaida kinapokea na ACT, hakuna haja ya kufanya zote mbili. Jaribu moja ya mazoezi ya kila mtihani nyumbani ukiwa na saa mbele yako, kisha lipia ile uliyofanya vizuri zaidi. Ukikwama kwenye Hisabati ya Bluebook weka swali hapa hapa, nitalijibu.